Mgongo wa gitaa: mataruma ya ngazi au ya mkasi? (mgongo wangu umepasuka ulipofika Nairobi)

SeremalaLangoni
Asalaam aleikum wadau. Mi ni seremala hapa Amu (Lamu), mtaa wa Langoni, kazi yangu ya asili ni milango na makasha, gitaa nimeanza miaka mitano sasa na nimeshatoa saba. Leo nataka tuongee mgongo. Manake watu wakikaa kuongea gitaa wote ni uso, uso, uso (ule ubao wa mbele), mgongo hauulizwi mpaka siku upasuke.

Na wangu umepasuka. Gitaa namba tano, mbavu (zile mbao za ubavuni) na mgongo mvule, nyuzi za chuma, nililifunga mwezi wa sita mwaka jana kusi limeshika na mvua zapiga kila siku, mteja akaja akalipenda akaenda nalo Nairobi. Mwezi wa pili akanipigia. Akanitumia picha, kuna ufa wa kama shubiri moja kando ya mshono wa kati, ncha za taruma la chini kabisa zimeachia, na mgongo ule uliokuwa na tao zuri umelala bapa kama meza. Roho iliniuma wallahi, lile gitaa nililirandia usiku na mchana na sauti yake nilikuwa bado naisikia masikioni.

Kwa wasiojua, taruma naita ule mti mwembamba unaogundishwa ndani kuushika ubao, sijui wenzangu mwaitaje ila hapa kwetu kila mtu ajua mataruma ya jahazi na kazi ni ile ile. Mgongo wangu nilitia mataruma manne yamekatiza, kama vipandio vya ngazi, mawili ya juu membamba marefu kwenda ndani na mawili ya chini mapana mafupi, vile magitaa mengi ya chuma yalivyo. Katikati juu ya mshono kuna ukanda mwembamba wa mti ambao nyuzi zake, yaani ile mistari ya mbao, zimekatiza mshono.

Sasa nimeona picha za mafundi wanaoweka mkasi mgongoni, yaani mataruma mawili yamepishana kama mkasi uliofunguliwa, na taruma moja la kukatiza pale kifuani juu. Swali langu, ningeweka mkasi ungepasuka? Niko na mkangazi mezani wa gitaa namba nane na sitaki kugundisha kitu mpaka nijue.

Matondoni_Jahazini
Pole fundi. Mi gitaa sijui hata kulishika lakini mbao naijua, baba yangu na babu yangu wote walikuwa wa majahazi huku Matondoni. Chombo kikikaa pwani juani muda, mbao zinajivuta mpaka waona mwanga katikati yake, ukikishusha majini kinavuja siku ya kwanza halafu zinafura na kufunga. Ndo maana kuna kalafati, pamba inakaa pale kwenye mshono kumpa ubao pahali pa kusogea. Wewe mgongo wako umeugundisha mshono, umeugundisha pembeni kote, umeugundisha na mataruma. Ukitaka kusogea usogee wapi?

GitaaMalindi
Huyo wa Matondoni amemaliza kila kitu kwa maneno machache, mi nitaongeza hesabu tu.

Niko Malindi, narekebisha magitaa ya bendi za mahotelini na ya watu binafsi, migongo iliyopasuka kama wako nimeifungua mingi tu. Fundi nitakwambia wazi, mkasi haungeliokoa. Ufa wako hautoki kwenye mpango wa mataruma, watoka kwenye siku uliyoyagundisha.

Mbao yanywa unyevu wa hewa na kuutoa. Kwa upana inatanuka na kunywea, kwa urefu wa nyuzi zake ni kama haisogei kabisa. Sasa taruma umelilaza kukatiza mgongo, kwa hiyo urefu wa taruma usiosogea umeshikana na upana wa mgongo unaosogea. Huku pwani msimu wa mvua unyevu wa hewa ni asilimia 75 hata 80, mbao iliyokaa humo yabeba maji kama asilimia 14 ya uzito wake mkavu. Ipeleke pahali hewa ni asilimia 45, maji yashuka mpaka asilimia 8 na kitu. Kwa mvule ambao nyuzi zake zimesimama wima hiyo ni kama nusu asilimia ya upana, yaani mgongo wenye sentimita 40 pale chini wataka kupungua milimita 2. Taruma halipungui. Basi kwanza tao lanyooka, kwa sababu ubao uko upande wa nje wa taruma na ukijivuta wavuta taruma linyooke. Tao likiisha hakuna tena akiba, mvutano wote waingia kwenye mbao na yapasuka pale ilipo dhaifu, mara nyingi karibu na mshono au mwisho wa taruma. Picha yako yaonesha hatua zote hizo kwa mpangilio.

Na mkasi nao wakatiza nyuzi, tofauti yake wakatiza mshazari tu. Ushike kwa pembe mraba au kwa mshazari, ubao ukitaka kupungua bado umeshikwa.

SeremalaLangoni
Duh. Kwa hiyo kosa langu ni mwezi wa sita. Na mi nilikuwa nimejiaminisha kwamba mbao iko kavu kwa sababu imekaa darini miaka minne!

GitaaMalindi
Miaka minne darini Amu imekauka kiasi cha hewa ya Amu, haiwezi kukauka zaidi ya hapo. Ukauke miaka arubaini ni vile vile. Hata kaskazi kavu ya Januari na Februari, hewa ya baharini haishuki kiasi tunachotaka sisi, yasaidia kidogo tu. Viwanda na mafundi wengi duniani wanagundisha mataruma hewa ikiwa kati ya asilimia 40 na 50, halafu gitaa likienda pahali penye unyevu zaidi lavimba kidogo na tao laongezeka, hilo halina madhara makubwa. Kupasuka ndo kubaya. Kwa hivyo jenga katika ukavu, ulitoe liende kwenye unyevu, usifanye kinyume.

UdiNaKanuni
Mi nitasema tofauti kidogo na msinikasirikie. Nyote mwahangaika na mgongo wakati sauti yatoka usoni. Kuna fundi Mhispania, Antonio de Torres, mwaka 1862 alitengeneza gitaa ambalo mgongo na mbavu ni karatasi iliyogundishwa tabaka kwa tabaka, uso peke yake ndo mbao, kuthibitisha kwamba uso ndo kila kitu. Lile gitaa lipo mpaka leo kwenye makumbusho ya muziki Barcelona. Na udi wetu huu wa kupiga, bakuli lake ni vipande vyembamba vimepindwa vikaungwa, ndani ya bakuli hakuna taruma hata moja, na sauti mwaijua.

SeremalaLangoni
Udi hauna mataruma mgongoni kwa sababu ni bakuli, shehe. Kitu kilichopinda chajishika chenyewe, ganda la yai ni jembamba na ukilibana mkononi halivunjiki upesi. Mgongo wa gitaa ni karibu bapa, mbao ya milimita 2 na nusu mpaka 3, ukiuacha bila kitu wapepea kama turubai. Lakini hiyo ya karatasi nimeipenda, sikuwa naijua.

GitaaMalindi
Torres alithibitisha kwamba uso ndo unaotoa sauti nyingi, hakuthibitisha kwamba mgongo hauna kazi. Yeye mwenyewe magitaa yake mengine hakuyafanya ya karatasi.

Hapa ndo mkasi unapopata maana fundi, na nataka tuelewane vizuri kwa sababu watu wanachanganya mambo mawili. Mkasi usoni ni suala la nguvu. Nyuzi za chuma zavuta kama kilo 70 na zaidi, zote zashikilia daraja, uso bila mkasi wafura na kuzama. Kampuni ya magitaa ya Martin ya Marekani walianza kutumia mkasi usoni miaka ya 1840, hata kabla nyuzi za chuma hazijaenea. Mgongo hauvutwi hivyo. Kwa urefu washikwa na nyuzi za mbao yake yenyewe ambazo ni ngumu, kwa upana ni dhaifu ndo twauwekea vipandio vya ngazi. Ngazi yatosha kabisa kwa nguvu, magitaa ya kihispania ya nailoni mengi yana mataruma matatu tu mgongoni na yamekaa miaka mia.

Mkasi mgongoni ni suala la sauti. Kuna migongo ya aina mbili. Kuna ule mgumu unaorudisha sauti tu kama ukuta, Greg Smallman wa Australia ameupeleka mbali zaidi, mgongo mnene mzito wenye tao kubwa na uso mwepesi kama karatasi. Na kuna mgongo hai, unaoachwa uteteme pamoja na uso. Ukitaka hai, wataka sehemu yote ya chini iende mbele na nyuma kama ngozi ya ngoma, na hapo mkasi au mataruma yaliyotawanyika kama miale unasaidia kwa sababu ugumu wasambaa pande zote. Ngazi yaweza kuwa hai pia ukiyapunguza yale mawili ya chini. Ndo maana ni mapana na mafupi.

SeremalaLangoni
Hapo kwa mapana na mafupi nieleweshe, manake mi nilinakili tu bila kujua sababu.

GitaaMalindi
Ugumu wa taruma kwa upana ni moja kwa moja, ukilipanua mara mbili ugumu ni mara mbili. Kwa kimo, ugumu wafuata kimo x kimo x kimo. Taruma la kimo cha milimita 15 ukilirandia likabaki 12 umeshapoteza nusu ya ugumu wake, na umetoa milimita 3 tu. Kwa hivyo ukirandia mgongo shika randa yako polepole, gonga, randa, gonga. Taruma la juu la upana 8 kimo 15 ni gumu kuliko la chini la upana 20 kimo 10 ingawa la chini lina mti mwingi zaidi, na la chini lina eneo kubwa la gundi ambalo lashika vizuri. Hapo chini wataka ulegevu na ushikaji, pale juu wataka ugumu ili shingo isisogee.

BintiShela
Samahanini naingilia, mimi mpigaji tu sio fundi. Huo mgongo hai nikikaa nao si naubana na tumbo? Mimi napiga nimekaa na gitaa limenigusa kifuani muda wote.

GitaaMalindi
Dada umegusa penyewe. Ukiubana waua sehemu ya ule mtetemo, na hiyo ndo hoja kubwa ya wale wa mgongo mgumu. Anayepiga amesimama na mkanda au anayeliinamisha gitaa likaachana na mwili atausikia mgongo hai, sauti yake ina kina zaidi na yabadilika rangi kidogo kwa noti. Anayelikumbatia afanyiwe ngazi ya kawaida asilipie kazi ambayo haisikii. Ni jambo la kumuuliza mteja kabla hujapasua mbao.

Matondoni_Jahazini
Na huo mti wa mataruma mwatoa wapi? Sisi jahazi twatumia mkoko uliopinda wenyewe, watafuta tawi lenye pindo lako mwituni, nyuzi zafuata pindo toka mwanzo hadi mwisho. Ukichonga pindo kwenye mti ulionyooka nyuzi zimekatika, bahari yalivunja.

SeremalaLangoni
Mkoko kwa gitaa mzito mno ndugu yangu, lakini neno lako la nyuzi ni hilo hilo. Wenzetu wa nje watumia sprusi, mti wa jamii ya msonobari, mi nilikuwa natumia saiprasi ya dukani ile ya bara, nyepesi na ina nyuzi nzuri ukichagua. Naona tangu sasa nitaipasua kwa shoka dogo badala ya msumeno ili ifuate nyuzi zake, kisha ndo nirandie. Na nyuzi zisimame wima taruma likiwa mahali pake.

GitaaMalindi
Sawa kabisa. Na tao usilichonge kwa macho, tengeneza kipimo cha plaiwudi. Tao la nusu kipenyo mita 4 na nusu kwa upana wa sentimita 40 ni kuinuka milimita 4 na nusu hivi katikati, pale kiunoni sentimita 27 ni milimita 2. Ukichagua mkasi kumbuka kila mkono wa mkasi upate tao lake lile lile na pale yanapopishana umekata nusu kwa nusu, lile ambalo mkato wake umetazama juu lazima ulifunike kwa kipande cha mti kilichogundishwa, la sivyo litafunguka hapo.

Na sasa sanduku. Hili ndo nataka ulifanye kabla ya yote. Hewa ya digrii 28 yenye unyevu asilimia 75, ukiipasha moto hadi digrii 38 bila kuiongezea maji, unyevu wake washuka mpaka kama asilimia 43. Sanduku la plaiwudi, globu moja ya kizamani ile inayotoa joto iliyo mbali na mbao, tundu dogo chini na tundu juu, na kipima unyevu. Kipima usikiamini hivi hivi, chukua chumvi kwenye kifuniko cha soda, itie matone ya maji ilowe tu isiyeyuke yote, weka na kipima ndani ya kopo lililofungwa masaa manane, lazima kisome 75. Kikisoma 70 jua chapunguza tano. Mbao na mataruma yote yakae humo, pima uzito wa mgongo kila asubuhi, ukiacha kushuka ndo tayari. Ukigundisha fanya haraka urudishe ndani.

SeremalaLangoni
Nimechukua yote. Sanduku nalianza leo baada ya magharibi, mbao za makasha zipo.

SeremalaLangoni
Wadau nimerudi, siku kumi zimepita. Sanduku lafanya kazi ajabu, ndani ni asilimia 44 mpaka 47 na nje huku 78. Kipima changu kilisoma 71 kwenye chumvi, kwa hivyo miaka yote nilikuwa najidanganya kwa nne. Mgongo wa mkangazi uliingia gramu 371, siku ya tano asubuhi ni 353 na siku ya sita 353, nikajua basi. Gramu 18 za maji zimetoka kwenye kibao ambacho ningeapa ni kikavu.

Nimeamua ngazi. Mteja wa hili apiga amekaa na amelikumbatia, nimemuuliza kabla kama alivyosema GitaaMalindi. Mataruma manne ya saiprasi iliyopasuliwa, ya chini nimeyashusha mpaka milimita 9, ncha zote nimezichonga zikabaki milimita 2 na kuzizamisha chini ya ule mkanda wa ndani unaoshika mbavu, kwa sababu kwenye lile la Nairobi niliziacha hazigusi mkanda na ndo zilianza kuachia.

Halafu nilifanya jaribio moja. Baada ya gundi kukauka nikautoa mgongo sandukuni nikautundika karakana siku tatu. Tao lilikuwa milimita 4 na nusu, siku ya tatu limekuwa 6. Nilikaa na rula nikilitazama muda mrefu. Mbao ile ile, upepo ule ule wa kusi, na mgongo waenda upande wa salama.

UdiNaKanuni
Mashallah. Hiyo ya rula imenishika, nami sasa nataka kuupima uso wa udi wangu maana nao una mataruma yamekatiza na umeanza kuzama.

BintiShela
Sauti je? Twangojea sauti.

SeremalaLangoni
Sauti haya, mwezi mmoja na nusu baadaye, limefungwa na nyuzi ziko juu. Nimegonga na kupima na programu ya simu, uso waitika kwa mitetemo 187 kwa sekunde, mgongo 231, yaani mgongo uko juu ya uso kwa nusu toni tatu na kitu. GitaaMalindi aliniambia pembeni kwamba usiache viwili hivi vikae noti moja, noti hiyo yalipuka halafu yafa upesi, nyingine zabaki nyuma. Dada wa Shela lijaribu mwenyewe kabla mteja hajaja, jumamosi baada ya laasiri nipo.

Na lile la Nairobi mteja amelipakia basi, lafika kesho kwa boti ya Mokowe. Sitaki kuuziba ufa na kumrudishia, nataka kuubandua mgongo wote, kuukausha sandukuni, kuziba, na kuweka mataruma mapya. Shida ni kuubandua bila kuchana mbavu, nilitumia ile gundi nyeupe ya mbao.

GitaaMalindi
Gundi nyeupe yalegea kwa joto, hiyo ni bahati yako. Chukua kisu chembamba kisicho na makali, kipashe moto juu ya pasi sio juu ya moto, toa kwanza ule utepe wa pembeni, kisha anza pale taruma la chini limeshaachia, hapo tayari pana nafasi. Ingia kidogo, ngoja, ingia kidogo. Fuata nyuzi za mgongo zinavyoelekea, ukiona kisu chaingia ndani ya mbao badala ya kwenye gundi toa uanzie upande wa pili. Kiunoni ndo pagumu, paache mwisho. Na kabla ya hayo yote tengeneza kalibu ya nje ya kuzishika mbavu, zikiachwa wazi siku mbili zitapanuka na mgongo wako wa zamani hautaingia tena.